Harambee ya Kubonyeza Matangazo

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake mapema, kabla mimi sijaanza kuongea nikazichelewesha. Wanaonijua wameanza kucheka tayari. Mchungaji amenipa dakika kumi na amenitazama kwa lile jicho lake, kwa hivyo nitajikaza.

Naitwa Elphas, fundi wa mabomba, mkaaji wa hapa Kawangware, na kwetu ni Vihiga. Wengi wenu nimeshaingia chini ya sinki zenu. Nimesimama leo kwa sababu mwezi huu vijana watatu wameniuliza kama ni kweli mtu anaweza kula na kulipa nyumba kwa kuandika blogu na kuendesha tovuti. Kila mmoja nilimwambia angoje Jumapili. Jibu lenyewe ni refu kidogo na lina dhambi ndani yake, na dhambi yangu sitaki kuisimulia stejini watu wakingoja gari.

Miaka kumi na minne nilifanya mabomba bila kuangalia kando. Asubuhi nilisimama pale Adams Arcade na mafundi wenzangu, mkoba wa spana miguuni, tukingoja mwenye nyumba asimamishe gari aulize nani anajua pampu. Siku ingine unapata. Siku ingine unarudi nyumbani na spana zako safi vile ulitoka nazo.

Mke wangu Jerida, yule pale safu ya tatu mwenye kitambaa cha kijani, alikuwa anapikia familia moja kule Kitisuru. Ni watu wazuri, sina neno nao. Lakini mtu wa Kawangware akitaka kuwa jikoni Kitisuru kabla watu hawajaamka, lazima yeye mwenyewe asilale sana. Alitoka binti yetu Neema akiwa amelala, akarudi Neema akiwa amelala. Siku moja mwalimu aliwauliza watoto mama zao wanafanya kazi gani. Wengine wakasema anauza nguo, wengine nesi. Neema akasema, "Mama yangu ni wa Jumapili."

Mwalimu alinisimulia akicheka, na mimi nikacheka naye. Halafu nikaenda nyuma ya darasa nikajipangusa macho. Nikaapa nitamtoa Jerida Kitisuru, nitamrudisha nyumbani, mtoto amjue mama yake kwa siku zote saba. Nia ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Shida ilianza kwa njia.

Nilikuwa napita katikati ya mji nikapewa karatasi ya semina ya kulipia. Nikaenda. Kijana wa suti ya bluu akatuambia kwamba yeye ana tovuti nne, analala, na akiamka dola zimeingia. Akatuonyesha picha ya gari ukutani. Ukumbi mzima tulisema amina, na hata haikuwa kanisa. Niliangalia mikono yangu, ile ya fundi, kucha nyeusi, nikasema kumbe nimepoteza miaka.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu sikuuacha, niliuuza kabisa. Nilimpelekea Barasa, fundi mwenzangu wa pale Adams, mkoba mzima. Barasa alizishika zile spana akanirudishia, akazishika tena akanirudishia. Akaniambia, "Elphas, wewe ni mzee wa watu. Si uuze kitanda kwanza?" Nikamwambia anabaki nyuma, dunia imehamia kwa mtandao. Akanilipa. Nikanunua laptopu iliyotumika, nikalipia jina la tovuti mwaka mzima, na pesa zilizobaki nikazificha ndani ya kiatu cha harusi.

Nikaanza kuandika. Niliandika juu ya wake wa wachezaji mpira ambao sijawahi kuwaona hata kwa dirisha. Niliandika dalili saba za mwanaume anayekupenda kwa dhati, na Jerida atawaambia sina hata mbili. Wasomaji wangu kwa siku walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mimi nikiangalia kwa simu kama picha zimekaa sawa.

Kwa wasiojua, niwaeleze pesa inatoka wapi. Ukiwa na tovuti, kampuni ya matangazo inakuwekea matangazo pembeni ya maneno yako. Sufuria, viatu, mikopo. Mgeni akivutiwa na sufuria akabonyeza, mwenye sufuria analipa, nawe unakatiwa senti kidogo. Senti hizo wanakuwekea mpaka zifike kiwango chao ndipo wanakutumia. Zangu kwa mwezi wa kwanza hazingenunua kiberiti.

Sasa dhambi inaingia hapa. Ijumaa ya kwanza Jerida aliniuliza, kwa upole tu, "Baba Neema, hiyo kitu imeanza kuleta?" Nikaona aibu. Nikaingiza mkono kwa kiatu cha harusi, nikampa pesa, nikasema imeanza. Alifurahi mpaka akaimba. Ijumaa iliyofuata nikampa tena. Ilikuwa ni spana zangu namlisha, moja baada ya nyingine, na yeye anashukuru mtandao. Tena nikasimama hapahapa, mahali hapa nimesimama leo, nikashuhudia kwamba Mungu amenifungulia mlango wa dijitali. Mlipiga makofi. Wengine wenu mlinibariki na sabuni na sukari kwa furaha.

Basi Jumapili moja baada ya chakula, Jerida akatoa karatasi ndani ya Biblia yake akanisomea. Ilikuwa barua ya kuacha kazi, kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule ya bweni. Alimshukuru mwajiri wake kwa miaka yote, akasema ataondoka mwisho wa mwezi. Akaniambia, "Umenitoa, baba Neema. Sikuamini utanitoa." Akairudisha kwenye Zaburi akaendelea kuosha vyombo akiimba.

Mimi nilibaki kwa kiti nikipiga hesabu. Kwa kiatu kulikuwa na pesa za Ijumaa mbili tu. Jerida akiacha ile kazi, na mimi sina spana na sina tovuti inayoleta, hatungekuwa na kitu cha kumpa Neema asubuhi. Na ile kazi haingerudi, maana pale getini Kitisuru kuna wanawake kumi wanaingoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini mnajua nilichofanya? Sikusema ukweli. Nilikimbia kutafuta namna uongo uwe ukweli kabla mwezi haujaisha.

Jumatano nikaenda ushirika wa nyumbani, ule unaokutana kwa Mama Zipora. Mama Zipora mnamjua, anauza mboga pale sokoni, na maombi yake hayana spidi gavana ya kuyapunguza mwendo. Tulipofika kwa mahitaji ya kuombewa, nikaeleza kwamba tovuti imefika karibu, inakosa kidogo tu, watu wakibonyeza matangazo Mungu atamaliza. Mama Zipora akauliza, "Kubonyeza ni kufinya?" Nikamwambia ndiyo, ni kufinya. Akasema, "Kwani hiyo ni kitu ya kuombea wiki nzima? Hiyo ni harambee. Mtu akifiwa tunachanga, mtoto akienda chuo tunachanga. Huyu tutamchangia vidole."

Haki ya Mungu, ndugu zangu, mapenzi ya watu hawa. Walitengeneza orodha papo hapo. Watu kumi na wanane, kila mmoja afinye mara kumi alfajiri kabla ya kazi, na mara kumi jioni. Asiye na bando atawekewa na aliye nalo. Tukafunga kwa maombi, Mama Zipora akavitakasa vidole vyote.

Na mimi nilikuwa najua. Siwezi kusimama hapa nikasema sikujua. Siku ya kujiandikisha nilikuwa nimesoma kanuni za ile kampuni, na mojawapo ilisema wazi: usiwaombe watu wakubonyezee. Nikajiambia hao wanazungumzia watu wa nje. Hawa si watu, ni ushirika. Mtu akitaka kudanganyika hakosi maneno ya kumsaidia, na mara nyingi huyatoa kanisani.

Siku tisa zile senti zilipanda. Kila asubuhi simu ililia ujumbe wa sauti wa Mama Zipora: "Elphas mwanangu, leo nimefinya sitini kabla sijafungua kibanda. Hata ile ya mikopo nimefinya, na unajua mimi mikopo sipendi." Nilianza kupumua. Kiwango kilibaki karibu kabisa. Nilimwambia Jerida apeleke barua Jumatatu bila wasiwasi.

Ijumaa ikaja barua pepe. Sentensi nne. Kubonyezwa kwa matangazo yangu si kwa kweli, akaunti imefungwa, haitafunguliwa, na pesa zote zinarudi kwa wenye matangazo. Niliisoma mara tano nikitafuta mahali pa kujitetea. Hapakuwa. Kampuni haikukosea hata kidogo. Ilikuwa imeona watu kumi na wanane wa Kawangware wakibonyeza sufuria ileile kila alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyenunua sufuria.

Mtu wa akili angesema siku hiyohiyo. Mimi nilinyamaza Ijumaa, nikanyamaza Jumamosi. Jumapili nikaongoza wimbo hapa mbele, mkono juu, na mnajua sauti yangu si haba. Nikirudi kwa kiti nilijiona mchafu.

Jumatatu alfajiri Jerida akavaa ile gauni yake ya kutokea, si ile ya kazi. Barua ilikuwa ndani ya Biblia na Biblia ndani ya mkoba. Nikamwambia namsindikiza kwa miguu mpaka Westlands, tupitie Muthangari. Alishangaa, maana sijawahi kumsindikiza, lakini alipenda. Tukatembea. Kila hatua nilisema sasa namwambia, halafu nikaongea juu ya hali ya hewa.

Pale Muthangari kuna geti moja jeusi. Nyumba hiyo niliifungia matangi yote ya juu, na askari wa geti ananijua. Aliponiona akaita, "Fundi! Umepotea. Tangi inavuja hapa miezi mbili, tunakutafuta tu." Kabla sijafungua mdomo, Jerida akamjibu. Akamjibu kwa fahari, kidevu juu: "Pole sana. Bwana yangu siku hizi hafanyi mabomba. Ni mtu wa mtandao. Hata mimi leo naenda kuacha kazi."

Yule askari akasema hongera. Mimi nilikaa juu ya jiwe la kando ya barabara. Nilikuwa nimevumilia kumdanganya, lakini kumsikia akinijivunia mbele ya mtu kwa kitu ambacho hakipo, hiyo sikuweza. Nikamwambia yote. Kiatu cha harusi, harambee ya vidole, barua pepe, yote, bila kupaka sukari.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Pesa za Ijumaa?"

"Ni za spana."

"Spana zote?"

"Zote."

Akatoa Biblia, akatoa barua. Nilidhani ataichana anirushie usoni, na ningeona ni sawa. Akaikunja mara moja zaidi, akairudisha palepale kwenye Zaburi. Akasema, "Mimi nimechelewa kazini. Wewe enda kwa Barasa." Akaenda. Na gauni lake la kutokea vilevile, akaenda kupika.

Na sasa sikieni, maana hapa ndipo ushuhuda ulipo. Nilibaki juu ya lile jiwe nikilia, na nilikuwa na raha. Msinielewe vibaya. Sikuwa na kazi, sikuwa na pesa, mke amekasirika na ana haki. Lakini kifua kilikuwa kimefunguka. Kwa miezi mitatu nilikuwa sijavuta pumzi ikafika chini. Nimeokoka miaka mingi, lakini kufunguliwa, Bwana alinifungulia pale kando ya barabara Muthangari, askari wa geti akiniuliza naumwa nini.

Nikamwambia askari hiyo tangi nitaitengeneza leo. Nikaenda Adams mbio. Barasa aliniona akacheka kwanza, akacheka sana, halafu akaingia duka la jirani akatoa mkoba wangu chini ya meza. Zile spana kubwa hakuwa ameuza hata moja. Akasema, "Nilijua utarudi, ila sikujua utachukua muda hivi." Tulikubaliana nifanye naye kazi mpaka zirudi kuwa zangu. Mungu amkumbuke Barasa, ingawa yeye ni wa dhehebu lingine na anasema sisi tunapiga kelele.

Jumatano ikafika na ilibidi niwaambie ushirika. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko Muthangari. Nilipomaliza, Mama Zipora alishika kichwa. "Kumbe ni mimi nimekuua, mwanangu? Na nilikuwa nafinya na imani." Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, mama, wewe ulinipenda. Mimi ndiye nilikuwa nimesoma kanuni. Nikawaomba wote msamaha, mmoja mmoja, na walinisamehe, isipokuwa mzee mmoja aliyetaka kwanza kujua bando lake litarudi lini.

Jerida alikaa siku kadhaa bila kuniongelesha ila kwa mambo ya chumvi na maji. Halafu jioni moja, tukiwa na Neema mezani, akasema, "Na hiyo tovuti umelipia mwaka mzima, utaiacha hivyo? Si uandike kitu unajua." Ndugu zangu, semina ya mjini nililipia, na jibu lilikuwa nyumbani bure.

Nikafuta wake wa wachezaji wote. Nikafuta zile dalili saba. Nikaandika kuhusu ile tangi ya Muthangari: kwa nini tangi inajaa na kumwagika wakati mpira wa kuelea unaonekana mzima, na namna ya kuangalia mwenyewe kabla hujaita fundi. Kila kazi niliyofanya na Barasa nilipiga picha na kuandika jioni, kwa Kiswahili cha kawaida. Kwa nini pampu inalia siku nzima na maji hayapandi. Bafu ya umeme ikikupiga shoti, zima kwanza, usiwe shujaa. Namna ya kumjua fundi mwongo, na hiyo niliandika kwa uzoefu.

Miezi ya kwanza, kimya. Sitawadanganya tena. Halafu simu moja, mama mmoja wa Lavington. "Nimesoma pale umeandika juu ya pampu. Wewe ni mtu kweli?" Nikamwambia mimi ni mtu kweli, na leo niko karibu. Akamwambia dada yake. Ikaja simu ya Kitisuru, ikaja ya pili. Siku hizi sisimami tena pale Adams kungoja gari lisimame. Barasa na mimi tuna kazi ya wiki nzima imepangwa, na tumeongeza mafundi wawili.

Kwa hivyo nyinyi vijana watatu, nawaona, jibu lenu ni hili. Matangazo yenyewe? Kampuni nyingine ndogo ilinikubali baada ya mimi kuwaeleza yaliyotokea bila kuficha, na wananitumia kitu cha unga na sukari. Ukitegemea hiyo peke yake utakonda. Lakini tovuti imeniletea watu walio na shida ninayoijua, na hao ndio wanalipa nyumba. Kama una kitu unachokijua kwa mikono yako, andika, uvumilie. Kama huna, usiuze spana.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonisimamisha. Mwezi uliopita Jerida alikaa chini na mimi, akaangalia kila kitu mwenyewe, simu, kazi zilizopangwa, mpaka kiatu cha harusi alikikung'uta. Halafu akafungua Biblia akatoa ile barua. Ileile. Ilikuwa imekunjika mpaka imechakaa. Akafuta tarehe akaandika mpya, akaipeleka Kitisuru. Wamemuaga vizuri, kwa chai na zawadi. Wiki hii amempeleka Neema shule siku zote tano. Jana mtoto ameniuliza, "Baba, mama atachoka kukaa na sisi?" Nikamwambia labda na mimi, wewe hapana.

Bwana ametenda, ndugu zangu. Nawasihi, kama kuna mtu hapa anamlisha mke wake au mume wake au mama yake kitu ambacho hakipo, asingoje kampuni imwandikie. Mwambie leo, mkitoka hapa, njiani. Huyo Mungu aliyenipokea juu ya jiwe la Muthangari hana ubaguzi wa mawe. Mtumainini, atawapokea na ninyi.

Anwani ya tovuti iko kwa ubao wa matangazo pale mlangoni. Ingieni, someni, waambieni wenye mabomba yanayovuja. Mkiona tangazo la sufuria na mnataka sufuria, sawa. Kama hamtaki sufuria, nawaomba kwa jina la Bwana, msiliguse.

Mama Zipora, nimekuona. Rudisha simu kwa mkoba. Amina.